Nta ya masega si takataka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya mishumaa ya nta mliyoichapisha majuzi. Niliisoma kwenye simu, nikairudia, kisha nikamsomea kwa sauti jirani yangu ambaye tunafuga naye nyuki hapa Arua. Mwandishi ana kalamu nzuri na picha zake zinapendeza. Lakini yapo matatu ambayo siwezi kuyanyamazia. Anasema tununue nta ya dukani iliyokwisha kukatwa vidonge, eti ya kienyeji ni chafu. Anasema tuiyeyushe sufuriani juu ya jiko. Tena anasema mshumaa wa nta unasafisha hewa ya chumba.

Hilo la hewa nilimalize kwanza, maana ni dogo. Mshumaa wa nta wenye utambi unaouafiki hautoi moshi mwingi, na harufu yake ni ya asali. Ukiulinganisha na koroboi ya mafuta ya taa, ni afadhali mara nyingi. Lakini moto ni moto. Unakula hewa ileile tunayovuta, na masizi kidogo hayakosekani. Mwenye pumu aambiwe afungue dirisha, asiambiwe awashe mshumaa.

Sasa mnijue. Mimi ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa Arua, na Kiswahili ndicho tulichokuwa tukizungumza nyumbani tangu baba yangu yuko jeshini. Nafuga nyuki na kutengeneza mishumaa, na sokoni jina langu walishalisahau, wananiita Mama Mishumaa. Wateja wangu wakubwa ni maparokia ya Kikatoliki, na hapo ndipo watu wanapocheka: mwanamke wa Kiislamu na mishumaa ya kanisani, wapi na wapi? Nawajibu kwamba nyuki wana sura yao nzima ndani ya Kurani, An-Nahl, na kwamba paroko hajawahi kunikopa akasahau.

Nirudi kwenye nta chafu ya kienyeji. Mhariri, nta ya kienyeji si chafu. Kinachotokea ni kwamba haimfikii mtengeneza mishumaa, kwa kuwa inapotea njiani, na wanaoipoteza ni sisi wenyewe pamoja na wanunuzi wetu wa asali. Huku West Nile, eneo letu la kaskazini-magharibi mwa Uganda, wafugaji wengi huuza asali ikiwa bado ndani ya masega. Mnunuzi anakuja na pikapu na ndoo zake, anaweka mizani chini ya mti, anapima. Halafu anakwambia, "Mama, hapa lazima tukate uzito wa masega, sisi tunanunua asali." Anakata kilo zake. Ukiuliza kama basi atakuachia hayo masega aliyokukatia, anakuangalia kana kwamba umemtukana. Ndoo inafungwa mfuniko, inapandishwa garini, asali na masega vyote vinakwenda. Yaani nta haina thamani mpaka ivuke kizingiti cha nyumba yangu; ikishavuka inakuwa mali.

Na ni mali hasa. Kwenye soko la dunia kilo ya nta huuzwa ghali kuliko kilo ya asali. Wenye viwanda vya vipodozi wanaitaka, wa dawa wanaitaka, na hata fundi viatu wetu hapa sokoni hununua kipande cha kupaka uzi wake. Nyuki wenyewe wanajua gharama yake: wataalamu wanakadiria kwamba hula asali kilo 6 hadi 8 ndipo watoe kilo 1 ya nta, na anayeitoa ni nyuki kibarua kijana, kwa tezi zilizoko chini ya tumbo lake, kijipande chembamba kimoja baada ya kingine.

Tupige hesabu ya nyumbani. Ndoo ya lita 20 iliyojaa masega ya mizinga ya kienyeji inaweza kukupa kilo 2 hivi za nta safi. Mshumaa wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 20 hula gramu 60. Kilo moja basi ni mishumaa 16, na ndoo moja ni mishumaa 30 na zaidi. Mwenye ndoo tano akimwachia mnunuzi masega, amempa mishumaa zaidi ya 150 bure, na juu yake amekatwa uzito. Nawaomba wenzangu: kamueni asali nyumbani, muuze iliyochujwa, mbaki na masega yenu. Mnunuzi asiyetaka iliyochujwa kwa kuogopa kuwa imetiwa maji ana haki ya kuogopa, basi akamue mbele yenu na makapi ayaache palepale, au ayalipie.

Hapa niwaguse kidogo na mabwana wa miradi wanaotucheka kwa mizinga yetu ya kienyeji, ile ya kusukwa kwa fito na kukandikwa kinyesi cha ng'ombe. Wanatuletea mizinga ya fremu, masanduku yenye viunzi vya mbao ambamo nyuki hujenga masega. Siikatai, asali inatoka kwa mashine, sega linarudishwa zima, nyuki hawaanzi kujenga upya. Lakini kwa njia hiyo nta unayopata ni ya vifuniko tu, vile nyuki wanavyozibia vyumba vya asali, kilo moja au mbili kwa kila kilo 100 za asali. Mzinga wa kienyeji sega lake hukatwa lote, na nta inafika kilo 8, hata 10, kwa asali kiasi hichohicho. Anayetaka nta asione haya kubaki na mzinga wa babu yake. Nimeshamwambia hayo ofisa mmoja katika semina, akaandika kitu kwenye daftari lake, na mwaka uliofuata akarudi na mizinga ya fremu.

Baada ya kukamua, kazi ya kwanza ni kuosha makapi kwa maji baridi mpaka utamu uishe. Maji hayo ya asali usiyaache wazi uani. Nyuki wa mtaa mzima watakufuata, na majirani watakuja nyuma yao wakilalamika. Tenga masega meupe na masega meusi. Meupe ndiyo yenye nta nyingi na safi. Meusi yamekaa miaka, watoto wa nyuki wamelelewa humo kizazi baada ya kizazi, na maganda yao yaliyobaki kwenye vyumba hunyonya nta isitoke. Hayo meusi nayapika peke yake mwisho, sitegemei makubwa.

Makapi yaliyooshwa nayafunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, kifundo kikazwe vizuri, nakitia sufuriani kwenye maji ya mvua. Nasisitiza ya mvua. Maji ya kisima mara nyingi yana chokaa, na nta ikikutana na chokaa hufanya uji wa kijivu ambao si nta wala si maji. Ukikosa ya mvua, tia kijiko cha siki. Sufuria iwe ya aluminiamu au ya enameli isiyobanduka. Chungu cha chuma kinaifanya nta kuwa nyeusi, shaba inaitia ukijani, na ndoo ya bati nayo inaichafua. Halafu moto wa polepole. Maji yapate moto sana lakini yasitokote, kwa sababu yakitokota nta huchanganyika na maji, ikipoa unapata kitu chenye matundu kama sifongo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, maji yako yana nafasi kubwa ya kutosha kabla ya kuchemka. Nakandamiza kifundo kwa mwiko wa ugali, nta inapenya kwenye kanga na kuelea juu, ya manjano, na uchafu unabaki ndani ya kitambaa.

Kazi hii naifanya usiku. Mchana harufu ya nta moto huita nyuki, wanajitumbukiza sufuriani, na wewe mwenyewe hupati raha.

Nikishatoa kifundo, nafunika sufuria kwa mfuniko na blanketi, nalala. Asubuhi kuna kisahani kigumu cha nta kinaelea juu ya maji ya rangi ya chai. Nakigeuza, nakwangua tope lililoshika chini yake, nakiyeyusha tena kwa maji mapya, nachuja tena. Mara nyingi kuchuja mara mbili kunatosha mishumaa ya nyumbani. Ya kanisani naongeza mara moja, na hiyo nachujia fulana ya pamba. Rangi usihangaike nayo. Manjano hutoka kwenye chavua na gundi ya nyuki, na hutofautiana kila msimu na miti iliyochanua. Paroko mmoja aliwahi kuniomba nyeupe tupu. Nilimwambia nyeupe tupu iko dukani, ni ya parafini.

Na hapa nazungumzia parafini, maana ndiyo inayotuharibia jina. Parafini hutokana na mafuta ghafi ya petroli, ni rahisi, na ndiyo mishumaa karibu yote ya dukani. Mimi sina ugomvi nayo ikiuzwa kwa jina lake. Ila wapo wanaoiyeyusha, wakaichanganya na nta kidogo ili ishike harufu na rangi, wakaiuza sokoni kama nta tupu. Labda ndiyo aliyokutana nayo mwandishi wenu. Kuigundua si kazi ngumu. Nta halisi ukiivunja huonyesha chembechembe mahali ilipokatika. Ukiifinyanga mkononi hulainika bila kuacha mafuta. Lakini kipimo changu ni waragi, pombe kali ya hapa Uganda. Chukua waragi ya chupa, ya asilimia 40, mimina kwenye glasi, tumbukiza kipande kidogo cha nta kisicho na mapovu ndani. Nta halisi huzama. Parafini huelea, na mchanganyiko uliotiwa parafini nyingi nao huelea, kwa sababu parafini ni nyepesi kuliko waragi na nta ni nzito kuliko waragi. Weka kando kipande unachokijua kuwa ni halali, ulinganishe. Dukani wananitazama kwa jicho la pembeni nikinunua ile chupa ndogo, lakini sijawahi kuionja. Nta yangu ndiyo inayozama humo.

Utambi ndio unaowashinda wengi. Mtu anachukua uzi wowote wa cherehani, anashangaa mshumaa kuzimika. Uzi uwe wa pamba tupu. Uchome ncha: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, nailoni inajikunja na kuwa kidonge kigumu. Mimi nasuka nyuzi tatu za kufumia, zikazwe, kisha natumbukiza utambi wote kwenye nta moto mpaka mapovu yaishe kutoka, nauvuta unyooke, nautundika ukauke. Usiporuka hatua hiyo utawaka tangu mwanzo. Unene wake haujulikani kwa kuangalia, unajulikana kwa kuwasha. Mwali ukiwa mdogo ukazama kwenye dimbwi la nta, utambi ni mwembamba. Mwali ukirefuka na kutoa moshi, na juu ya utambi kukaota kichwa cheusi, ni mnene. Nta ni nzito kuliko parafini, kwa hiyo utambi uliouchomoa kwenye mshumaa wa dukani aghalabu utakuwa mwembamba mno. Kila nikibadili unene wa mshumaa nawasha wa majaribio kwanza kabla ya kutengeneza mingine, na nikikutana na nta mpya vilevile.

Kuna njia mbili ninazotumia. Ya kuchovya ni ya mishumaa myembamba. Natafuta kopo refu kuliko mshumaa ninaoutaka, nalijaza nta, nalisimamisha ndani ya sufuria ya maji moto. Nafunga nati ya baiskeli kwenye ncha ya chini ya utambi ili unyooke. Nachovya, natoa, nasubiri upoe, nachovya tena, hadi unene wa kidole gumba. Nta iwe kati ya nyuzi 70 na 75, na asiye na kipimajoto aangalie mshumaa wenyewe: ukirudi mwembamba kuliko ulivyoingia, nta imezidi moto na inayeyusha tabaka za mwanzo; ukirudi na mabonge, au ukiona utando unashika ukingoni mwa kopo, imepoa. Usikae na mshumaa ndani ya nta ukipiga soga. Ingiza, toa. Katikati ya kazi nauviringisha kwenye ubao laini uliolowa maji ili ukae sawa, na mwisho nakata nati.

Ya pili ni kalibu ya mwanzi. Pasua pingili ya mwanzi katikati kwa urefu, iloweke usiku kucha, zirudishe pande mbili pamoja na uzifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Utambi upite katikati, juu ufungwe kwenye kijiti, chini uzibwe kwa udongo. Mwanzi uliolowa haushikani na nta, ndiyo maana sipaki mafuta. Mimina polepole. Nta ikipoa hunywea na kufanya shimo kuzunguka utambi, kwa hiyo ubakishe kidogo ya kujazia. Mishumaa minene, na hasa ule wa Pasaka, nauzungushia blanketi upoe polepole hadi asubuhi, kwa sababu ikipoa haraka hupasuka. Kwa desturi ya Kanisa mshumaa wa Pasaka ni wa nta ya nyuki, na katika Mbiu ya Pasaka, wimbo wa usiku wa kuamkia Pasaka, nyuki hutajwa; hilo alinieleza katekista, nikaona kumbe nimo ndani ya ibada ya watu bila kujua. Wengine hununua kwa ajili ya kubarikiwa tarehe 2 Februari, na wengine kabla ya hija ya Mashahidi wa Uganda kule Namugongo ya tarehe 3 Juni, maana mahujaji wa huku wapo wanaotembea kwa miguu hadi kule, na wanaondoka wiki kadhaa mapema.

Mishumaa ikikaa kabatini huota vumbi jeupe. Wateja wapya wanairudisha wakisema imeshika ukungu. Si ukungu. Ni nta yenyewe inayojitokeza juu, na ni dalili nzuri. Futa kwa kitambaa laini, mng'ao unarudi. Na Januari na Februari, joto la Arua linapokunja mishumaa ya dukani ndani ya sanduku mpaka ikaanguka pembeni, ya nta inabaki imesimama. Nimefanya biashara nzuri kwa kuweka miwili hiyo mezani, wa dukani na wangu, bila kusema neno.

Kuna watakaosema mambo ya mishumaa yamepitwa, tangu umeme wa gridi ya taifa ufike Arua mwaka 2024. Alhamdulillahi umefika, na mimi ninao. Unakatika. Na ukiwaka hata usikatike mwaka mzima, altareni hawaweki balbu.

Sasa la moto, na hili mlichape hata kama mtapunguza mengine. Mwandishi wenu anasema weka nta sufuriani, weka sufuria jikoni, koroga. Kwa nyumba zetu, zile za nyasi, na watoto wakicheza karibu na sigiri, ushauri huo unaweza kuchoma mji. Nta haichemki kwa kelele ikakuonya, kama yanavyofanya maji. Inazidi kupata moto kimyakimya, inaanza kutoa moshi mweupe, na ikipita nyuzi 200 na kidogo, mvuke wake unashika moto. Iyeyushwe daima pamoja na maji, kama nilivyoeleza kwenye kuchuja, au ndani ya chombo kilichosimama kwenye maji, kwa sababu maji hayapiti nyuzi 100, na nta iliyomo haiwezi kupita hapo. Chini ya kopo uwekwe mti au jiwe bapa lisigusane na kitako cha sufuria. Maji yakipungua yaongezwe. Na anayeyeyusha nta haendi kupokea simu nje.

Ikishika moto, isimwagiwe maji. Najua mkono utakimbilia maji wenyewe. Maji yanazama chini ya nta ile, yanageuka mvuke mara moja, na mvuke huo unarusha nta inayowaka hadi darini na usoni mwako. Funika kwa mfuniko, au kwa gunia lililolowa na kukamuliwa, zima jiko, uache vipoe bila kufunuafunua. Sufuria isibebwe kupelekwa nje. Aliyemwagikiwa na nta mkononi aweke mkono kwenye maji baridi kwa muda mrefu, na nta iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe kwa nguvu, maana itaondoka na ngozi. Aende nayo zahanati hivyohivyo.

Jiko la nta nimeliweka nje chini ya mwembe, mbali na nyumba. Karibu nalo kuna ndoo ya mchanga, na watoto wanajua kwamba wakiniona nimefunga kitambaa kichwani usiku hawasogei. Kiangazi natumia pia sanduku la mbao lenye kioo juu, lililopakwa rangi nyeusi ndani. Masega meupe nayapanga kwenye sinia la aluminiamu lililoinama, jua linayayeyusha lenyewe, nta inatiririkia kwenye bakuli. Hakuna moto, hakuna kuni, na kazi yangu ni kusogeza sanduku lifuate jua. Kwa anayeanza, hasa kama nyumba ina watoto wadogo, aanze na hilo.

Mhariri, najua barua zenu huwa fupi na hii imejivuta. Mkikosa nafasi, kateni maneno yangu ya wanunuzi, nitawaambia wenyewe wakija na mizani yao. Kateni na ya waragi, msije mkanichonganisha na mume wangu. Sehemu ya moto chapeni yote, na ikiwezekana itoke kwenye ukurasa uleule ilikotoka makala, kabla ya Krismasi, maana watu wamekwisha kuikata na kuibandika ukutani. Jirani yangu ni mmoja wao.

Wako,
Mama Mishumaa
Arua, Uganda